Mama Aber na Panya wa Bwera

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018, Mama Bulandina Aber anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka ishirini na mitatu. Minane ya mwisho ameitumia akiwa mwonjaji mkuu wa bia chachu za mapipa, kazi ambayo hapa Kasese hakuna aliyewahi kuifanya kabla yake, na ambayo majirani zake wengi wanadhani hadi leo ni jina la heshima la ulevi.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Kosmasi, mkuu wa ulinzi, niandike wasifu huu. Nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa kwamba hakuna mtu aliyemchunguza Mama Aber kwa karibu kama mimi. Ni kweli. Nimepekua kikapu chake kila jioni na nimemnusa mdomo kila jioni, kama ninavyowanusa wafanyakazi wote wanaotoka langoni, maana kiwanda cha pombe kisichonusa watu wake kitakauka kabla ya mwezi kuisha. Sijui kama kamati ilinisifu au ilinisema. Msomaji aelewe tu kwamba kazi yangu ni kushuku, ndiyo ninayolipwa kufanya, na sitaiacha kwa ajili ya keki na soda za Ijumaa.

Mama Aber alizaliwa Kilembe mwaka 1958, binti wa mchimba shaba aliyetoka Acholi kufuata kazi ya mgodi. Mgodi ulipolala, wenzao wengi walirudi kaskazini. Baba yake alibaki, naye akabaki. Mimi ni mtoto wa fundi wa saruji aliyetoka Kenya kuja Hima, kwa hiyo najua habari ya kukulia mahali ambapo kila mtu anakuuliza kwenu ni wapi. Ndiyo maana hapa kazini tunaongea Kiswahili, kila mtu na cha kwake, na jarida letu linaandikwa hivyo hivyo.

Aliajiriwa mwaka 1995, wakati kiwanda kilikuwa bado kinatengeneza maji ya nanasi na mvinyo wa ndizi. Alianza kwa kuosha chupa. Wasimamizi wake wa wakati ule wanasema chupa iliyopita mikononi mwake haikuhitaji kutazamwa tena. Mimi nilizitazama hata hivyo, na kweli zilikuwa safi, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Mtu asiyekosea kabisa lazima awe anaficha kitu.

Alichokuwa nacho hakikuwa siri. Mama Aber ni mlokole. Aliokoka akiwa msichana, na tangu hapo amekuwa mwimbishaji katika ushirika wao, yule anayesimama mbele na kuanzisha wimbo ili wengine waufuate. Sauti yake ni nzito kidogo, si ya kurembesha, lakini ikianza huwezi kubaki umenyamaza. Kuimba ndiko kulikokuwa furaha yake yote. Mumewe alifariki mapema, watoto wakaolewa na kuoa mbali, na Jumapili yake ikawa ndiyo nyumba yake. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu yote yaliyomkuta hapa kiwandani yaligusa pale.

Mwaka 2010 Bwana Twesigye, mtoto wa mwanzilishi wetu, alirudi kutoka Ubelgiji alikosoma na kufanya kazi, akiwa na wazo lililonifanya nimtazame mara mbili. Alisema huko kuna bonde ambako watu huchemsha maji ya kimea, wakayamwaga kwenye karai pana la shaba chini ya dari, wakaacha madirisha wazi ili hewa ya baridi iingie na hamira yake. Hawaongezi hamira ya dukani. Kisha huyatia kwenye mapipa ya mwaloni na kuyaacha mwaka mmoja, miwili, mitatu, mpaka yawe bia kali, chachu, isiyofanana na bia yoyote ya kwenye kreti. Akasema Rwenzori nayo ina hewa yake. Nilimuuliza kwa upole kama safari ya ndege haikumchosha.

Ghala likajengwa njia ya Bugoye, mahali ambapo upepo wa mlimani hushuka jua likizama. Mapipa yakaja na lori la Muhamood wa Bwera, dereva wetu wa miaka mingi, yakiwa matupu, yametumika kwa mvinyo nchi za watu. Nani analipia nauli ya mapipa matupu kutoka Mombasa? Niliyagonga moja moja, nikachungulia ndani na tochi, nikamwambia Muhamood asiondoke. Muhamood alikaa chini ya lori akanywa chai yake ya tangawizi na kuniambia, "Afande, wewe ukifika mbinguni utasearch malaika." Sikupata kitu ila harufu ya zabibu.

Ikabaki kumpata mwonjaji. Bwana Twesigye alipanga vikombe kwenye meza ya kantini, vingine vyenye tone la siki, vingine ndimu, vingine maji matupu, vingine tonto iliyolala, ile pombe ya ndizi, na kumwita kila aliyetaka kujaribu. Wanywaji wetu maarufu walijipanga kwanza, nao ndio walioshindwa kwanza, kwa sababu walikuwa wanamaliza kikombe kabla ya kufikiri. Mama Aber alikuwa amekuja kuchukua vyombo vichafu. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akavipanga vikombe vyote kuanzia kisicho chachu hadi kichachu kabisa, bila kukosea, kisha akatema kwenye ndoo na kusukutua mdomo. Mama yake alikuwa akipika kwete, pombe ya mahindi, huko Kilembe, na mtoto wa mpika kwete hujua uchachu kabla hajajua kuhesabu.

Kazi aliikubali kwa sharti moja, akalisema mbele yetu sote: "Mimi nitaonja. Sitameza." Bwana Twesigye alicheka akamwambia hata Ulaya waonjaji hutema. Akawekewa beseni, jagi la maji, na kiti. Tangu siku ile utaratibu wake haukubadilika: weka mdomoni, zungusha, tema, sukutua mara moja, kisha sema neno.

Mnaweza kuwazia jinsi mambo yalivyonikaa. Mtu anayesifia kitu kisha anakitema, wewe ungemwamini? Kiwandani wapo waliosema kwamba siku moja ataziharibu pombe zote kwa jina la Bwana. Na huko kwenye ushirika wapo waliosema kwamba hakuna mtu anayeweka bia mdomoni siku nzima isimponyoke hata tone. Mzee Byamugisha, fundi cherehani na mzee wa ushirika wao, mtu mkavu anayepima kila kitu mara mbili, alikuwa anapita langoni kwangu karibu kila juma. Anasalimia, anauliza hali ya watoto, kisha anauliza alilojia: "Kosmasi, leo mama ananuka nini?" Nami namjibu ukweli, kwamba ananuka maji, na tangawizi kidogo. Ananitazama kama anayepima kitambaa, anaondoka. Tulielewana sana, mimi na yule mzee. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwa kutoshuku vya kutosha.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana Mama Aber aliifanya vizuri na wengi hamjawahi kuingia ghalani. Kila pipa lina msumari mdogo usoni. Ukiuchomoa, bia hutoka nyembamba kama uzi, unakinga glasi, unarudisha msumari. Mama Aber alikuwa akipita na chaki nyuma ya sikio. Bia changa aliitia alama moja, iliyokomaa nyingine, na lile pipa lililokataa kueleweka aliliwekea duara na kuliacha lijifikirie. Pipa lenye uchachu wa embe bichi alilichanganya na lililozeeka likawa na utulivu wa ngozi kavu, na hapo ndipo ufundi ulipokuwa, katika kuoanisha pipa kali na pipa pole. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa, "Hii iko kama mbuzi imenyeshewa." Wageni walishtuka. Sisi tulijua hiyo itauzwa.

Alipiga marufuku kutoa utando wa buibui ghalani, kwa sababu buibui hula wale inzi wadogo wanaogeuza bia kuwa siki. Nilipinga kwa maandishi na kwa mdomo. Mkaguzi wa afya alipokuja, mtu makini, alitazama dari, akanitazama mimi, nami nikamtazama Mama Aber ili ajue wa kumuuliza. Alimweleza buibui mmoja mmoja kana kwamba ni wafanyakazi wenye zamu. Mkaguzi alitaka kujua kama wanapimwa afya.

Kasese mjini bia hii ilikataliwa mwanzoni. Watu walirudisha chupa wakisema imeharibika, na sikuwalaumu. Iliponea Bwera. Kiconco, mwenye baa karibu na soko la Bwera, alichukua kreti chache kwa majaribio, na wateja wake wanaovuka daraja la Mpondwe kutoka upande wa Kongo wakaipenda mara moja. Mmoja wao, mchuuzi wa vitenge, alimwambia, "Mama, hii bière iko kali, lakini iko muzuri, inaamusha mutu mu mashavu." Kuanzia hapo Bwera ikawa ndiyo inayotulisha. Lori la Muhamood likaenda na kurudi, na ghala likaongezwa mapipa.

Mwaka 2015 lori lilirudi na kreti zilizojaa.

Kiconco mwenyewe alikuwa ameketi mbele na dereva. Aliteremka langoni, hakunisalimia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ofisini: "Bia yenu iko na panya!" Nikamwambia ateremshe sauti na aeleze. Akaeleza. "Mara ya kwanza haiko. Mutu ananusa, hakuna. Anaweka mu mdomo, hakuna. Akimeza, akianza kuongea na mwenzake, panya inakuja nyuma. Inakaa hapa." Akashika koo lake. Baa nzima ilikuwa imemtupia maneno, na wateja wa ng'ambo walikuwa wamevuka daraja kurudi kwao bila kuaga.

Mimi nilianza na panya wenyewe. Nilitega mitego, nikaleta paka wawili, nikamulika kila pembe ya ghala, nikafungua mapipa yaliyokuwa matupu. Hakukuwa na panya. Hakukuwa hata na kinyesi cha panya. Kisha tukafungua chupa kutoka kreti zile, tukaonja, wakubwa wa ofisi na mimi. Uchachu mzuri, harufu nzuri, tukatazamana, mmoja akaanza kusema kwamba Kiconco anatafuta punguzo, na kabla hajamaliza sentensi alinyamaza na kushika mdomo. Ikatufikia wote mmoja baada ya mwingine. Ni ladha ya kizimba cha panya, ya mahindi yaliyolala na mikojo, na haitoki upesi.

Akaitwa Mama Aber, kwa sababu mchanganyiko ule ulikuwa na alama ya chaki yake. Akaonja mbele yetu. Akazungusha, akatema, akasukutua, akasema, "Hakuna panya." Tukampa chupa nyingine. Akatema, akasukutua, akasema hivyo hivyo. Sisi wengine tulikuwa bado tunakunja nyuso.

Hapo shuku zote za miaka mitano zikapata pa kukaa. Mwezi ule ule ushirika wao ulikuwa umefanya mkutano mkubwa uwanjani, na mhubiri wa kutoka mbali alikuwa amelaani pombe jioni tatu mfululizo, huku Mama Aber akiimbisha. Ofisini wakaunganisha mambo. Wengine walisema ameitia kitu. Wengine walisema ameijua mbovu akaipitisha makusudi. Nami nilikagua kikapu chake siku ile mpaka chini kabisa, nikakuta Biblia, leso na viazi vitamu. Alisimama akaniacha nipekue, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Sikufurahi kumwona vile. Nilipekua vile vile.

Bwana Twesigye ndiye aliyelitegua fumbo hilo. Alikuwa amesikia habari ya panya huyu huko Ubelgiji, na alirudi kwenye vitabu vyake kuhakikisha. Huyu panya si mnyama. Ni kasoro inayoletwa na vijidudu vya pipa lenyewe, na uchachu wa bia humficha. Bia ikiwa kinywani bado ni chachu, hajitokezi. Mpaka imepita, mate yamerudi na kuutuliza ule uchachu, ndipo anatoka. Mtu anayetema na kusukutua papo hapo anamwosha panya kabla hajachungulia. Ndivyo mwonjaji wetu makini kuliko wote alivyokuwa akimpitisha panya, pipa baada ya pipa, kwa sababu ya kuokoka kwake.

Akamwambia, "Mama, hapana kusukutua tena. Tema, kisha ngoja." Akajaribu. Wapo watu ambao kwao kungoja kunatosha, lakini kwake hakukutosha. Alisema anasikia kama kuna mtu nyuma ya mlango, lakini hawezi kusema ni nani. Akangoja tena na tena, kila mara kitu kile kile, labda ndiyo, labda hapana. Na pipa haliwezi kutiwa chaki ya labda.

Kwa hiyo mambo yakabaki mawili. Ameze, au ampishe mwingine. Bwana Twesigye hakumlazimisha, alimpa juma zima afikiri, na akamwambia kazi ya chupa ingalipo akiitaka. Mimi niliweka dau moyoni kwamba atarudi kwenye chupa. Ningekuwa yeye ningerudi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye ushirika wao, si kwa kusali. Nilitaka kuona uso wake. Wakati wa ushuhuda alisimama, akatoka kwenye mstari wa waimbaji, akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Ndugu zangu, niko na neno. Kule kazini niliambia watu hii bia iko sawa. Watu ya Bwera wakakunywa panya juu ya neno yangu. Hawakujua mimi natema. Waliamini tu. Sasa kuanzia kesho nitameza kijiko moja ya chai kwa kila pipa. Sitameza mbili. Naambia nyinyi leo, ndio mutu asishangae kesho."

Mama mmoja alisema "Haleluya" kwa mazoea, kisha akajifunika mdomo. Mzee Byamugisha alisimama akauliza kama hakuna kazi nyingine mjini Kasese. Mama Aber akasema iko, lakini ile bia iliyotoka mapipani tayari imeenda kwa watu kwa mkono wake, na iliyobaki humo ni yeye anayeijua. Wazee wakakaa kando kwa mashauri. Waliporudi, walimwambia anaweza kuja kusali kama mtu yeyote, lakini hawezi kuimbisha wala kusimama na waimbaji maadamu anameza pombe. Akaitika kwa kichwa. Akachukua leso yake kwenye kiti cha mbele, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na pale ndipo alipoketi kila Jumapili kwa miaka mitatu.

Alisali, alitoa sadaka, aliamkia watu. Hakuimba. Nilimuuliza mara moja, langoni, kwa nini haimbi hata pale nyuma, kwani hakuna aliyemkataza kuitikia. Akasema sauti yake haijui kuitikia, inajua kuanza tu, na akianzia nyuma atawavuruga wenzake. Halafu akapuliza pumzi nimnuse, akaenda zake.

Ndiyo, nilikuwa naendelea kumnusa. Jumatatu ile ya kwanza alikuja langoni akafungua mdomo kabla sijamwambia. Mzee Byamugisha naye alikuja juma lile. "Ananuka nini?" Nikamwambia leo kuna bia. "Kiasi gani?" Nikamwambia kijiko. Hakuniamini, na mimi sikujiamini. Wote wawili tulijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Leo kijiko cha chai, baada ya Pasaka kijiko cha supu, Krismasi ikifika ni kikombe. Nilikitazama kile kijiko chake cha bati mara nyingi kuliko alivyojua. Niliingia ghalani bila kubisha. Nilisubiri miaka mitatu kile kijiko kikue, na nakiri kama mlinzi kwamba nimestaajabu, maana hakikukua hata siku moja.

Na kijiko kilifanya kazi. Alipoyapitia mapipa yote upya alimkuta panya katika mengi. Mengine yalimwagwa, na Mama Aber alisimama pale mpaka yakaisha, uso umemwiva. Mengine aliyatia duara, kwa sababu Bwana Twesigye alimwambia kwamba muda ukipita, panya wengine huondoka wenyewe, na wengi waliondoka. Kisha akaomba apande lori la Muhamood hadi Bwera. Hakutumwa na mtu. Alisimama katika baa ya Kiconco, mlokole katikati ya meza za pombe, akawaambia wateja kwamba ile mbaya ilipita kwake, na inayokuja ameimeza yeye mwenyewe. Muhamood anasema yule mchuuzi wa vitenge ndiye aliyemjibu, "Kama mama ameimeza, mulete." Bwera haijarudisha kreti tangu siku ile.

Mwaka jana walikuja wageni watatu kutoka Ubelgiji, wazee wa kazi hii. Niliwapekua vizuri walipotoka, kwa kuwa nilishuku wamekuja kuiba hewa, na Bwana Twesigye alikasirika kidogo. Wakaonja mchanganyiko wa miaka mitatu, wakaomba glasi nyingine. Mkubwa wao aliuliza ni nani aliyechanganya. Akaonyeshwa mama mmoja mwenye gauni la gomesi na chaki nyuma ya sikio. Wakapeana mikono kwa muda mrefu. Hiyo picha iko ukutani ofisini, nami nimo pembeni, natazama mifuko yao.

Hapa ndipo nilipokuwa nimemalizia wasifu huu. Nilikuwa nimeshaandika na shukrani. Lakini mambo ya juma lililopita yamenilazimu kuongeza.

Wazee wa ushirika walikuwa wamemwita Mama Aber kumwambia kwamba kwa kuwa anastaafu na kijiko kinakwisha, wako tayari kumrudisha mbele na waimbaji. Atasimama tu atubu kwa ile miaka ya kumeza. Lilikuwa jambo la heshima na waliliona hivyo. Mama Aber alikataa. Alinisimulia mwenyewe, akiwa na huzuni ya wazi, maana alikitaka kile kiti cha mbele kuliko zawadi yoyote tutakayompa Ijumaa. "Nitatubu hasira," aliwaambia. "Nitatubu wivu, iko mingi. Lakini kijiko, hapana. Nikitubu kijiko, nitakuwa nimesema kudanganya watu ya Bwera ilikuwa sawa."

Jumatano Mzee Byamugisha akaja langoni. Nilijiandaa kwa swali lake la kawaida, lakini hakuliuliza. Alisema, "Nimekuja kuona hiyo panya." Muda wote huo alikuwa anaamini kwamba panya ni kisingizio, na hakutaka ushirika umfungie mtu, au umfungulie, kwa jambo ambalo hakuna mzee aliyelipima. Nilimpeleka ghalani na nikabaki pale pale. Mnanijua.

Lilikuwapo pipa moja lenye duara la chaki, ambalo Lamunu, anayeachiwa kazi hii, analisubiri lipone. Mama Aber akalichomoa msumari, akakinga. Mzee akataka afanye kwanza kama alivyokuwa akifanya mama zamani. Akaweka mdomoni, akazungusha, akatema, akasukutua. "Hakuna kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. Mama Aber alitia bia kwenye kijiko cha chai, akakiweka juu ya pipa, akasogea nyuma. Mzee alikitazama kile kijiko kwa muda mrefu sana. Nilidhani ataondoka. Ni mtu ambaye hajaonja pombe tangu ujana wake. Akakichukua akameza.

Akangoja. Akatutazama. "Mnaona sasa," akaanza, "hata hii..." Akakoma. Uso wake ulikunjamana polepole kuanzia pembe za mdomo. Akaketi juu ya kreti. "Yesu wangu," akasema. "Iko."

Mama Aber akampa maji. Hakucheka, ingawa mimi niligeukia ukutani.

Jumapili nilikwenda tena, na safari hii niliingia mapema. Wakati wa ushuhuda Mzee Byamugisha alisimama kutoka viti vya wazee, akawaambia watu wote kwamba Jumatano alimeza kijiko cha pombe katika ghala la Bugoye, kwamba alikimeza ili asiseme uongo, na kwamba panya yuko. "Kama Bulandina anakaa nyuma juu ya kijiko," akasema, "na mimi nakaa nyuma juu ya kijiko." Akachukua Biblia yake, akapita katikati ya kanisa lote, akaketi kwenye benchi la mlangoni kando ya Mama Aber.

Ukafika wakati wa wimbo. Waimbaji walisimama mbele wakingoja ishara, na ishara hutolewa na Mzee Byamugisha, naye alikuwa nyuma. Wakangoja. Mzee akamgusa Mama Aber kiwiko, akamwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Bulandina, anza."

Alianza. Aliketi vile vile, benchi la mlangoni, na ile sauti nzito isiyorembesha ikatoka, miaka mitatu haikuipunguza kitu. Na kwa sababu huwezi kumfuata mwimbishaji usiyemwona, waimbaji waligeuka, wazee wakageuka, akina mama na watoto wakageuza viti, mpaka kanisa zima likawa linatazama mlangoni.

Mama Aber, kiwanda kinakushukuru kwa kila pipa ulilolikubali na kila ulilolikataa. Bwera inakushukuru. Lango linakushukuru, ingawa si tabia yake. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wa kukutembelea, na Jumapili nyingi za kuanzisha wimbo, popote pale utakapochagua kuketi.